Bakapu ya seva inakwenda, za mashine zingine zinagoma: angalia anwani kwanza kabla hujafuta programu

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Naangalia kompyuta za chuo kimoja cha ufundi hapa Morogoro. Nimeweka Bacula, programu ya bakapu, kwenye seva ya Debian 12 yenye diski ya TB 2, ichukue bakapu ya seva yenyewe, ya seva ya faili ambayo nayo ni Debian, na ya kompyuta ya mhasibu yenye Windows 10. Ya seva yenyewe inaenda vizuri kila usiku. Ya seva ya faili, nikiuliza status inajibu, ila nikianzisha kazi inakaa muda mrefu halafu inaanguka, inasema imeshindwa kuunganisha na Storage. Ya mhasibu inakataa kabisa, inasema paswedi au majina hayafanani. Nimeshafuta na kuinstoli upya mara 2, fayawoli nimezima. Na juzi hata ile inayokwenda imeanza kusimama inasema haina volyumu ya kuandikia, wakati diski ina nafasi tele. Nifute tena au nihamie programu nyingine?"

Marahaba mdogo wangu. Usifute tena, tafadhali. Na usihame kwanza, maana haya unayoyapata ni matatizo matatu tofauti yaliyokuja kwa pamoja, ukihama utahama nayo, na kila moja lina dawa yake ya dakika chache tu ukishajua linatokea wapi.

Kwanini nasema usifute. Ukiifuta kabisa na kuinstoli upya kwenye Debian, inajitengenezea paswedi mpya za nasibu, ndefu, za seva yote. Sasa wewe mashine ya mhasibu uliiwekea paswedi ya instolesheni ya kwanza, ukafuta, ikaja ya pili, ukafuta, ikaja ya tatu, na kule kwa mhasibu bado ipo ile ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo hiyo erori ya paswedi karibu nina uhakika umeitengeneza kwa kule kufuta. Pili, ukifuta na database yake unapoteza katalogi, yaani lile daftari linaloijulisha programu kwamba faili fulani ipo kwenye volyumu ipi. Volyumu, yaani mafaili makubwa ambayo bakapu inaandikwa humo, zinabaki kwenye diski ila programu haizijui tena, itabidi uzisome moja moja kwa amri ya bscan, kazi ya kuchosha sana.

Sasa tukae kidogo kwenye jinsi hii kitu ilivyojengwa, maana ukishaielewa hapa mengine yote utayatatua mwenyewe bila kuniuliza. Bacula aliianzisha Kern Sibbald mwaka 2000 na toleo la kwanza la watu wote likatoka 2002, na tangu mwanzo haikutengenezwa kama programu moja, ni vipande vinavyoongea kwenye mtandao. Kuna Director, huyu ndo bosi, anajua ratiba na anatoa amri, yuko poti 9101. Kuna File Daemon, huyu anakaa kwenye kila mashine unayotaka kuichukulia bakapu, poti 9102. Na kuna Storage Daemon, huyu ndo mtunza stoo, anaandika kwenye diski, poti 9103. Halafu bconsole ni kidirisha tu cha kuongea na bosi.

Swali la kujiuliza kila ukiona erori ya mtandao hapa ni moja: nani anampigia nani? Bconsole inampigia Director kwenye 9101. Director anampigia File Daemon kwenye 9102. Director anampigia Storage kwenye 9103. Na hii ya nne ndo watu wengi hawaijui: wakati wa bakapu, File Daemon wa ile mashine ya mbali naye anampigia Storage MWENYEWE, moja kwa moja, kwenye 9103. Data haipiti kwa bosi hata kidogo, inatoka kwa mashine inaenda stoo. Bosi anachofanya ni kumwambia ile mashine "mzigo wako upeleke kwenye anwani hii".

Na hiyo anwani anaitoa wapi? Anaitoa kwenye faili lake mwenyewe, /etc/bacula/bacula-dir.conf, kwenye sehemu ya Autochanger au Storage, mstari unaoitwa Address. Fungua uone. Nina hakika wako umeandikwa localhost, kwa sababu ndivyo linavyokuja, ingawa ukiangalia mstari wa juu yake kuna maelezo kabisa yanayosema usitumie localhost hapa.

Localhost maana yake "hapa hapa nilipo". Director akiisoma yeye, ni sawa, stoo ipo hapo hapo kwenye seva. File Daemon wa seva yenyewe akiisoma, ni sawa pia, ndo maana bakapu ya seva inakwenda kila usiku na wewe ukaamini stoo iko vizuri. Lakini seva ya faili ikipokea neno hilo hilo inaelewa "hapa hapa nilipo mimi", inajipigia yenyewe kwenye 9103 ambako hakuna mtu, inajaribu, inajaribu, mpaka inachoka. Ni sawa na kumpigia simu bodaboda ambaye yuko Msamvu ukamwambia "mzigo ulete hapa hapa" bila kumwambia wewe upo Kihonda. Na ndo maana status client inakujibu vizuri, kwa sababu status ni Director anampigia File Daemon, simu ya pili kwenye ile orodha, haina uhusiano wowote na simu ya nne. Status ikijibu usiseme mtandao mzima uko sawa, umepima njia moja tu.

Basi rekebisha hivi. Tuseme seva yako ni 192.168.10.5. Kwenye bacula-dir.conf, ile Address ya stoo iwe:

Address = 192.168.10.5

Au jina kamili kama una DNS ya ndani inayoaminika, ila kwa mtandao mdogo kama wako mimi naona IP isiyobadilika inakupunguzia sehemu moja ya kuharibika. Halafu usiishie hapo. Debian inafungia hizi huduma zisisikilize nje ya mashine, kwa hiyo ingia kwenye /etc/bacula/bacula-sd.conf utakuta SDAddress = 127.0.0.1, nayo weka 192.168.10.5. Ukibadilisha moja ukaacha nyingine hata ile bakapu iliyokuwa inakwenda itakufa na utadhani nimekudanganya, hivyo zibadilishe zote mbili kwa pamoja. Na kule kwenye seva ya faili kagua bacula-fd.conf kama FDAddress si 127.0.0.1, ingawa kwa kuwa status inakujibu kutoka kwenye seva nadhani ulishaibadilisha.

Kabla ya kuwasha upya, pima kama umeandika vizuri:

sudo bacula-dir -t -c /etc/bacula/bacula-dir.conf
sudo bacula-sd -t -c /etc/bacula/bacula-sd.conf

Ikinyamaza iko sawa. Ikilalamika inakutajia namba ya mstari, na mara nyingi kosa ni mabano yaliyosahaulika mstari wa juu zaidi ya huo inaoutaja, so angalia na juu kidogo. Kisha systemctl restart kwa bacula-director na bacula-sd. Ujue kwamba amri ya reload ndani ya bconsole inamsomesha upya Director peke yake, Storage na File Daemon lazima uwazime na kuwawasha, nimeona watu wanabadilisha faili la Storage wanapiga reload wanashangaa hakuna kilichobadilika.

Sasa kipimo cha mwisho, na hiki ukifanye ukiwa umekaa KWENYE seva ya faili, siyo kwenye seva ya bakapu:

nc -vz 192.168.10.5 9103

Hiki ndo kipimo cha simu ya nne. Ping haikusaidii kitu hapa, ping inaweza kujibu huku poti imefungwa. Kikikubali, anzisha kazi na itakwenda. Kwa Windows ya mhasibu fungua PowerShell uandike Test-NetConnection 192.168.10.5 -Port 9103, ni kitu kile kile.

Na fayawoli iwashe, mdogo wangu. Haikuwa na kosa. Seva ya bakapu ina nakala ya kila kitu cha chuo, matokeo, mishahara, barua, huwezi kuiacha mlango wazi kwenye mtandao ambao wanafunzi nao wamo. Kama unatumia ufw ni mstari mmoja wa kuruhusu ndani tu:

sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 9103 proto tcp

Na kwenye mashine zinazochukuliwa bakapu ruhusu 9102 kutoka kwa 192.168.10.5 peke yake. Kama wanafunzi wako kwenye mtandao huo huo wa 192.168.10, basi hata ile ya 9103 taja IP za mashine mbili tu badala ya mtandao mzima.

Tuje kwa mhasibu. Ile erori ya kushindwa kujitambulisha kwa File Daemon ukiisoma mpaka mwisho inakutajia sababu zenyewe: paswedi au majina hayafanani, au kazi zimezidi idadi, au mtandao wa File Daemon umevurugika. Watu wanasoma neno paswedi wanaacha neno majina. Kwenye Windows faili liko C:\Program Files\Bacula\bacula-fd.conf, fungua kwa Notepad kama administrator. Ndani kuna sehemu ya Director, Name yake lazima ifanane herufi kwa herufi na Name ya Director iliyoko kwenye bacula-dir.conf ya seva, na Password yake ifanane na ile iliyo kwenye sehemu ya Client ya huyo mhasibu kwenye seva. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti.

Mtego ambao umenasa wengi, na nahisi na wewe unaweza kuwa umo: ndani ya faili hilo sehemu za Director ni MBILI. Moja jina lake linaishia na -dir na nyingine linaishia na -mon, ile ya -mon ina mstari Monitor = yes, ni ya kuangalia hali tu, haiwezi kuamuru bakapu. Mtu anakopi paswedi anaibandika kwenye ile ya -mon, anakagua, anaona paswedi ni ile ile kabisa, na anaapa kwamba zinafanana. Zinafanana kweli, ila umeibandika kwenye sehemu isiyohusika.

Jingine kwenye Windows ni toleo. Sheria ya Bacula ni kwamba Director na Storage wawe toleo moja, na File Daemon awe toleo hilo hilo au la zamani zaidi, asiwe mpya kuliko bosi. Debian 12 inakupa 9.6, na wewe ukiingia kwenye tovuti yao kuchukua ya Windows unakutana na matoleo mapya ya 13 na kuendelea, unachukua jipya ukidhani ndo bora. Andika version ndani ya bconsole uone ya seva, halafu chukua ya Windows isiyoizidi.

Njia za folda kwenye Windows, ukiziandika kwenye FileSet, ile orodha ya folda za kuchukua, tumia mkwaju wa mbele, yaani "C:/Users/mhasibu/Documents", kwa sababu ule wa nyuma una maana nyingine ndani ya alama za nukuu na njia yako itasomeka vingine kabisa. Na IP ya mhasibu ifunge kwenye rauta isibadilike, maana leo ni .31 kesho ikipewa .47 Director atakuwa anapigia simu printa.

Halafu kuna la kibinadamu. Ratiba inayokuja na Bacula inaanza saa 23:05, hiyo ni saa 5 na dakika 5 usiku kwa saa zetu, na mhasibu anazima kompyuta yake saa 10 jioni anaenda nyumbani kama inavyopaswa. Mwekee ratiba yake peke yake, 13:10, saa 7 na dakika 10 mchana wakiwa kwenye chakula na kompyuta imewaka. Na angalia sana hapa, ratiba inasoma saa 24 za kizungu, ukiandika 5:05 ukiwaza saa tano usiku itaanza saa 11 na dakika 5 alfajiri. Nimelikuta hili zaidi ya mara moja na mwenye seva alikuwa analalamika kwamba programu haifuati muda.

Sasa volyumu, na hapa ndo penye kazi zaidi.

Bacula haiandiki faili zako moja moja kwenye diski kama unavyokopi kwenye flashi. Inaandika kwenye volyumu, ambazo kwenye diski ni mafaili makubwa tu, na zinapangwa kwenye kundi linaloitwa Pool. Ilizaliwa zama za kanda, tepu za bakapu, na akili yake bado ni ya kanda: kanda ikijaa inawekwa kabatini, haiguswi mpaka muda wake wa kutunzwa uishe, ikiisha inafutwa na kutumika tena. Programu haiulizi diski ina nafasi kiasi gani, inauliza nina kanda ya kuandikia au sina. Ndo maana diski yako ina nafasi tele na bado inasimama.

Nakuomba ufungue sehemu ya Pool uone namba zako. Zile zinazokuja ni Volume Retention (muda wa kutunza) siku 365, Maximum Volume Bytes 50G, Maximum Volumes 100. Piga hesabu, 50 mara 100 ni GB 5,000, diski yako ni TB 2, hiyo ingejaza diski kabla ya kuzunguka. Wewe unasema diski haijajaa, maana yake ulishabadilisha namba, labda ulifuata mafundisho fulani ukaweka volyumu 10 za GB 5. Hiyo ni GB 50 jumla, zikijaa zote inatakiwa isubiri siku 365 ndo ianze kufuta ya kwanza. Inasubiri kweli, ndiyo hiyo unaiona.

Kwa diski ya TB 2 usiigawe yote, acha nafasi ya kupumua. Volyumu 36 za GB 50 ni GB 1,800, inatosha. Muda wa kutunza uufikirie kwa kuangalia bakapu nzima, ile inayoitwa Full, unaifanya mara ngapi. Ratiba ya kawaida ni Full Jumapili ya kwanza ya mwezi, Jumapili zinazobaki Differential (yaliyobadilika tangu Full), siku zingine Incremental (yaliyobadilika tangu bakapu iliyopita). Incremental ya leo haina maana yoyote bila Full ya mwanzo wa mwezi chini yake, ni kama ghorofa bila msingi. Ukiweka retention siku 30 itafika siku Full ya zamani imefutwa na mpya haijamaliza, umeme ukikatika siku hiyo huna kitu. Weka siku 70 hivi. Mimi napenda kutenganisha Pool tatu, Full yake, Differential yake, Incremental yake, kwa mistari Full Backup Pool, Differential Backup Pool na Incremental Backup Pool kwenye kazi, ili Incremental ziishi siku 35 tu na zisikae volyumu moja na Full zikaizuia kufutika. Na kwa ofisi ndogo ongeza Volume Use Duration, mfano siku 6, kwa sababu muda wa kutunza unaanza kuhesabiwa pale volyumu ilipoandikwa mara ya mwisho, volyumu ambayo haijai inaendelea kuandikwa kidogo kidogo kila siku na saa yake haianzi kamwe.

Ila sasa sikiliza hapa, ndo pale watu wanapokata tamaa. Ukibadilisha hizo namba kwenye faili na kuwasha upya, Pool inapokea mabadiliko lakini volyumu ZILIZOKWISHA KUTENGENEZWA hazibadiliki, kila moja inatembea na masharti iliyozaliwa nayo, yako kwenye katalogi. Ingia bconsole, andika update, chagua Volume parameters, kisha chagua inayosema All Volumes from all Pools. Hapo zote zinapata masharti mapya. Halafu ile kazi iliyokwama ifute kwa cancel uianzishe upya.

Usishangae pia kuona kazi ya Incremental inageuka Full katikati ya wiki na kula diski. Bacula ikikosa Full iliyokamilika nyuma yake inapanda yenyewe kuwa Full, na ukigusa orodha ya FileSet, hata kuongeza folda moja, nayo inapanda kuwa Full. Kwa hiyo badilisha FileSet zako zote kwa siku moja, Ijumaa jioni, sio kila siku kidogo kidogo.

Mpaka hapo kazi zitakuwa zinamaliza na ripoti zinasema Backup OK. Nataka nikuambie kilichonikuta nisikufiche. Kwenye ofisi moja Dodoma niliweka FileSet ya seva kwa mstari mmoja, File = /, nikaona nimechukua kila kitu. Miezi 8 ripoti zote safi. Diski ya seva ikafa, tukarudisha, mfumo ukarudi wote, /home haina kitu. Kazi za watu za miezi 8. Kumbe /home ilikuwa pateshini nyingine, yaani sehemu ya diski iliyotengwa peke yake, na Bacula kwa kawaida haivuki kutoka pateshini moja kwenda nyingine usipoitajia, na kila usiku ilikuwa inaandika kwenye ripoti kwamba /home ni mfumo mwingine wa faili na haitashuka humo. Kila usiku. Sikuwahi kusoma ripoti iliyoishia na OK. Lile jambo linaniuma mpaka leo, nilimwona mama mmoja wa masjala anatafuta kazi yake na mimi sina la kumjibu.

Kwa hiyo fanya hivi leo kwenye seva ya faili: piga df -h uone pateshini zote, kisha kila moja yenye data itaje kwa mstari wake kwenye FileSet. Halafu ndani ya bconsole andika estimate ukitaja job na neno listing mwishoni, itakuorodheshea kila faili ambalo ingelichukua bila kuchukua chochote. Tafuta kwa macho folda tatu ambazo mkuu wa chuo angelia zikipotea. Kama hazimo, hazimo. Kama kuna MySQL au PostgreSQL ya matokeo, usichukue faili zake zikiwa zinaandikwa, tumia ClientRunBeforeJob iendeshe mysqldump au pg_dump kwanza, bakapu ichukue lile faili la dampu.

Ripoti zenyewe nazo zinaenda wapi? Zinakuja zimeelekezwa kwa root@localhost, sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Hili limewakuta hata wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayotunza kodi za programu mtandaoni, alifuta kwa makosa database iliyokuwa inatumika na wateja, walipokimbilia bakapu wakakuta pg_dump ilikuwa inaanguka siku zote kwa sababu ilikuwa toleo la 9.2 na database ni 9.6, na barua pepe za kuwajulisha zilikuwa zinakataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji unaoitwa DMARC. Wakaokolewa na nakala nyingine ya masaa kama 6 nyuma ambayo haikuwa hata bakapu rasmi. Wao walieleza yote hadharani na mimi nawaheshimu kwa hilo. Wewe badilisha sehemu ya Messages iende kwenye barua unayoisoma kwenye simu, na uiangalie pia ile siku ambayo barua HAIJAFIKA, ukimya ni habari.

Kitu kingine cha diski. Kama hiyo TB 2 ni ya nje imeunganishwa kwa waya, siku ikichomoka folda yake inabaki tupu kwenye diski ya mfumo na Bacula itaandika humo humo mpaka seva ijae na kuganda. Tengeneza folda ndani ya diski yenyewe, mfano /mnt/bakapu/volyumu, mpe umiliki bacula kwa chown, na Archive Device kwenye bacula-sd.conf ielekeze huko ndani. Diski isipokuwepo na folda haipo, Storage inatoa erori unaiona asubuhi. Na folda hiyo usiisheri kwa Samba hata kama mtu anaomba kuangalia tu. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilisambaa kwa udhaifu wa hiyo hiyo njia ya kusheri faili ya Windows, na virusi vya aina ile vikifika kwenye folda ya volyumu vinafunga bakapu pamoja na vilivyobaki.

Mwisho rudisha kitu. Siyo cha maana, chukua folda moja ya seva ya faili, bconsole, restore, chagua namba 5 ya bakapu ya karibuni ya klaienti, weka alama kwa mark, malizia na done. Kabla hujasema yes angalia Where, Debian inaweka njia ya mfano inayoanza na /nonexistant, ibadilishe iwe /tmp/rudisha, na ujue faili zinarudi kwenye ile mashine iliyotoka, siyo kwenye seva ya bakapu, usije ukazitafuta sehemu siyo. Linganisha na za asili kwa diff -r. Hili lifanye kila mwanzo wa mwezi na uandike tarehe kwenye daftari la ofisi, ili hata ukihamishwa anayekuja aone.

Anza na anwani mbili za stoo, halafu sehemu ya -dir kwa mhasibu, halafu update ya volyumu, kwa mpangilio huo, usiguse viwili kwa wakati mmoja. Ikigoma nitumie mistari 20 ya mwisho ya /var/log/bacula/bacula.log, matokeo ya ss -ltnp kwenye seva, na jibu la nc kutoka kwenye seva ya faili. Faili za konfigi ukizituma futa kwanza kila mstari wa Password.